Dakika Ishirini na Tano kwa Ukurasa

3 Machi

Ukurasa mmoja umetumia dakika ishirini na tano kutoka. Niliupima kwa saa ya mkononi, nimesimama mbele ya printa kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Wa pili ulitumia ishirini na sita. Nje mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imeanza, na Mama alikuwa amekaa mezani, penseli mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kwa sababu jicho la kushoto lilikwisha kufa mwaka jana.

Niandike kwa mpangilio, maana nimeanza shajara hii ili nisipige kelele.

Mama ni msomaji wa prufu. Kwa miaka thelathini na moja amesoma vitabu kabla havijawa vitabu, mstari kwa mstari, rula chini ya mstari, akitafuta herufi iliyoruka na nukta iliyopotea. Ana ugonjwa wa presha ya macho. Daktari alisema jicho la kulia limebaki na tundu dogo katikati, kama la ufunguo, na tundu hilo litaziba. Nilipomwuliza lini, alitazama dirishani akasema pengine msimu huu uishe kwanza, pengine usiishe.

Kampuni ya vitabu imempa Mama kazi moja ya mwisho: mwongozo wa dawa kwa wauguzi wa zahanati, kurasa mia tatu na kumi na mbili, dozi za watu wazima na dozi za watoto. Anataka kuumaliza kwa jicho lake mwenyewe. Hakusema hivyo, Mama hasemi mambo ya namna hiyo. Alisema tu, "Hiki nitakifunga mimi."

Meneja wa kampuni anatuma faili kwa barua pepe, nasi tunachapa hapa nyumbani. Mimi nimeomba ruhusa chuoni nikaacha tasnifu yangu katikati, nikaja na kompyuta yangu kuukuu ambayo niliiwekea Linux, mfumo mwepesi wa bure, miaka minne iliyopita, kwa sababu mfumo mwingine wowote ungeilaza chali. Nilidhani kazi yangu itakuwa kubonyeza kitufe.

Mama ana sheria mbili. Ya kwanza, prufu haitoki nje ya nyumba, hata kwenda duka la steshenari hapo kona. Kitabu ambacho hakijatoka ni siri ya mwenyewe. Ya pili, kila ukurasa lazima uandikwe RASIMU, mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Zamani, kabla sijazaliwa, kurasa ambazo hazijasahihishwa zilichukuliwa kimakosa mezani pake zikapelekwa mtamboni, na kitabu cha hesabu cha shule kikatoka kina majibu ya uongo. Tangu siku hiyo aligonga muhuri kila karatasi kwa mkono. Safari hii nililiweka neno ndani ya faili: herufi kubwa kama kiganja, kijivu hafifu, kama kivuli kilicholala chini ya maandishi bila kuyaziba. Nilijivunia kidogo.

"Umeweka RASIMU?" aliuliza.

Nikasema nimeweka.

5 Machi

Jicho linafanya kazi kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi. Baada ya hapo linalia machozi na Mama anafunga kalamu zake. Kwa saa hizo mbili anaweza kumaliza kurasa ishirini na kitu. Kwa mgao wa umeme wa saa chache, printa inanipa nane kwa siku, tisa umeme ukiwa na huruma, na karibu nusu yake ni za kurudia, kwa kuwa kila ukurasa aliousahihisha lazima auone tena safi. Kwa hiyo jicho linaisubiri mashine.

Nilifikiri kumsaidia kwa kukuza herufi. Aliishika karatasi, akaizungusha, akaiweka chini.

"Mwanangu, mimi nachungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukinisimamishia tembo mlangoni nitaona ngozi tu."

Nikazirudisha herufi kama zilivyokuwa. Tulicheka sana. Halafu nikaenda jikoni.

6 Machi

Nimeacha kutuma kwa mtandao wa hewani, nimeunganisha printa kwa kebo. Dakika ishirini na tano.

9 Machi

Nimefuta foleni yote ya kuchapa. Nimezima huduma ya uchapaji, nikaiwasha. Nimechomoa, nikachomeka. Mwisho nikamwita fundi wa kompyuta wa mtaani, ambaye watoto wanamwita Zima-Washa kwa sababu hiyo ndiyo dawa yake ya kila kitu, kuanzia simu hadi friji.

Alimwamkia Mama kwa adabu, akavua viatu, akazima, akawasha. Akauliza, "Dada, na hii Linux nani alikushauri?" kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mume mbaya. Kisha akainyanyua karatasi moja kuelekea dirishani.

"Mbona zinatoka chafu?"

Nikamwambia si uchafu, ni RASIMU, neno limewekwa makusudi, na akitazama vizuri atalisoma. Nilisema kwa ule ukali wangu wa kutulia ambao Mama anauita sauti ya maktaba. Akasoma, akasema ahaa, akafungua tumbo la printa akalifuta kwa kitambaa. Alipoondoka nilimdharau kwa raha yote niliyobakiwa nayo.

12 Machi

Nimebadilisha draiva, ile programu ndogo inayoitafsiria printa maneno ya kompyuta. Nilimweleza Mama hivyo, akasema kama dereva ni mlevi ashushwe, apewe mwingine usukani. Nimejaribu madereva watatu. Wawili hawakuliwasha gari kabisa. Wa tatu anaendesha kama wa kwanza.

15 Machi

Mvua. Kurasa saba.

17 Machi

Mama ameniomba nimfutie miwani. Nikaifuta. Baada ya muda akaomba tena. Akasema kuna ukungu kwenye ukurasa, unakuja na kuondoka.

Nilikuwa na kitambaa mkononi na sikujua nikiweke wapi.

20 Machi

Kaka amepiga simu. Yeye ni mtu wa kuuliza "Sasa tatizo hasa ni nini?" kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao. Nilimweleza. Akasema niiondoe hiyo Linux niweke mfumo wanaotumia watu wote, kwamba huo ni ukaidi wangu wa chuoni tu, na kwamba Mama si maabara.

Nilisema umeme umekatika, nikakata simu. Umeme ulikuwepo. Hajakanyaga hapa tangu mwezi wa kwanza, lakini amelenga palepale panapouma. Je, nikiwa mkweli, ningeshindwa kutafuta kompyuta nyingine? Au nataka niishinde hii, mimi, kwa akili yangu, mbele ya Mama?

26 Machi

Kliniki ya macho. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja. Daktari alimpima Mama kwa ile mashine ya vitaa vidogo, akalinganisha na karatasi ya mwezi wa pili, akasema hakuna badiliko, tundu ni lilelile. Mama akamweleza habari za ukungu. Daktari akapima upya. Akasema haoni sababu yake, labda uchovu.

Njiani kurudi Mama alinishika mkono kuvuka madimbwi.

"Ni kijana mzuri," alisema. "Anaogopa kuniambia."

Nami nikaamini hivyohivyo. Nilimwona daktari mwoga, nikamchukia kwa upole wake.

2 Aprili

Nimepunguza ubora wa uchapaji hadi nusu. Dakika kumi na tatu kwa ukurasa. Nilikaribia kuruka. Asubuhi Mama akasoma ukurasa wa kwanza, akanipigia rula mezani mara moja.

"Hapa ni sifuri nukta tano au ni tano?"

Ilikuwa sifuri nukta tano. Kwa ubora mdogo nukta ilikuwa imeyeyuka ikawa kama kidoa cha karatasi. Akaniambia nirudishe ubora wa juu kama ulivyokuwa. "Muuguzi yuko peke yake na mtoto mwenye homa," alisema, "na kitabu kimefunguliwa mapajani. Hana wa kumwuliza."

Dakika ishirini na tano.

6 Aprili

Nimeandika kwenye jukwaa moja la mtandaoni la watu wa Linux. Nimeeleza kila nilichofanya, kwa hatua, kama kwenye tasnifu. Mtu nisiyemjua akajibu kwa sentensi moja: je, kurasa zina picha?

Nikamjibu hazina picha. Ni maandishi matupu na majedwali.

7 Aprili

Mtu yule ameuliza tena kama nina hakika. Nikamjibu nina hakika.

8 Aprili

Kurasa sita. Mvua haikupumua.

13 Aprili

Nimetazama kumbukumbu za mfumo, mahali ambapo kompyuta inajiandikia yote inayofanya. Ina shajara yake kama mimi, na yake ni ya ukweli zaidi. Inasema faili ya ukurasa mmoja, nyepesi kama barua, inapofika kwenye printa imekuwa nzito mara elfu kadhaa. Inakulia wapi? Inakula nini? Nimeitazama hiyo namba mpaka ikapoteza maana. Nimeinakili hapa, nimeifuta.

19 Aprili

Leo nimemgombeza mama yangu.

Tulikuwa ukurasa wa mia moja na thelathini na mbili. Umeme ulirudi saa mbili na nusu, na kwa hiyo saa mbili, wakati jicho liko tayari, limetiwa dawa, limepumzishwa, hapakuwa na kitu mezani. Mama alikaa mbele ya meza tupu, mikono juu ya mapaja, kama abiria aliyeambiwa gari linakuja. Nikabonyeza. Printa ikaanza kule kuguna kwake. Nilimwona Mama akiitegea sikio, na nikaona kwamba ameshaijua kila sauti yake: pale inapovuta karatasi, pale inaponyamaza ikifikiri, pale inapodanganya kama inaanza.

Ukurasa ulipotoka alisoma kwa muda mrefu. Akawa anarudi nyuma. Anasoma mstari, anaruka, anarudi. Nikamwuliza vipi.

"Ukungu umezidi."

"Wapi?"

"Unaanzia chini, huku kushoto, unapanda. Unapita mshazari kama mtu anayekata njia shambani. Juu pembeni naona, chini pembeni naona. Ila katikati yake…" Akaweka penseli. "Soma wewe hapo unisaidie."

Na mimi, badala ya kusoma, nikasema asijitie hofu, daktari amesema hakuna badiliko, kama ataanza kukata tamaa aniambie mapema nirudi zangu chuoni. Niliyasikia yakitoka. Sauti ya maktaba. Printa nayo ikaendelea kuguna nyuma yangu.

Mama alitafuta penseli kwa vidole hadi akaipata.

"Usinisemeshe kama unamsemesha mzembe," akasema. "Mimi naona kidogo, lakini najua ninachokiona."

Nikasoma. Baadaye niliyaandika yale maelezo yake, kuanzia chini kushoto, mshazari, ili nimpelekee daktari.

21 Aprili

Hatujasema mengi. Ananiita "wewe" badala ya "mama".

24 Aprili

Kurasa nne. Amesoma mbili.

28 Aprili

Nilikuwa ninaanua nguo, mvua imetushtukiza tena, nikamsikia Mama akizungumza kwa simu sebuleni. Alikuwa anatumia sauti yake ya kazini, ile ya zamani, iliyonyooka.

Alikuwa anamwambia Meneja kwamba jicho limeisha. Alisema samahani mara moja tu. Alisema amesoma hadi ukurasa wa mia moja na arobaini na atarudisha masahihisho, na kwamba asingependa kuendelea huku kuna sehemu za ukurasa hazioni vizuri, kwa sababu ni kitabu cha dozi. Meneja alizungumza kidogo. Mama akasema, "Ndiyo. Ndiyo, mpe yeye. Ana macho mazuri."

Nilisimama barazani na nguo zilizolowa nusu. Nilitaka kuingia nimnyang'anye simu. Kumwambia nini? Kwamba mashine itapona kesho? Nimesema hivyo tangu Machi. Kama printa ingekuwa inatoa kurasa kama printa za watu, angekuwa amemaliza kitabu kizima tarehe thelathini Machi, kabla ukungu haujafika huko katikati. Mimi si ugonjwa, lakini nimekula macho ya mama yangu, ukurasa kwa ukurasa, dakika ishirini na tano kila mmoja.

Alipokata simu aliniita. Akaniuliza kama nguo zimelowa.

30 Aprili

Hakuna kilichochapwa.

1 Mei

Hakuna kilichochapwa. Mama amelala hadi saa tatu. Hajawahi.

2 Mei

Lazima niandike haya polepole.

Leo mchana niliandika barua ya kujiondoa chuoni. Mistari kumi na miwili. Niliona hakuna tena cha kulinda, na nguvu ya kurudi huko sikuwa nayo. Nikabonyeza kuchapa, nikainuka kwenda kuweka maji jikoni, kama nilivyozoea, kwa sababu dakika ishirini na tano ni nyingi.

Sikufika mlangoni. Barua ilikuwa imetoka.

Niliitazama ikiwa imelala kwenye trei, ya moto bado. Nikaichapa tena. Nilihesabu hadi nane. Nikaleta ukurasa wa mia moja na arobaini na moja wa kitabu, nikauchapa: printa ikaanza kuguna na kufikiri. Kompyuta ileile, printa ileile, draiva yuleyule, karatasi zilezile. Nikaziweka mbili kwenye skrini, barua na ukurasa, nikajiuliza swali la mtoto mdogo. Huu una nini ambacho ile haina?

RASIMU.

Nililiondoa. Mkono wangu ulikataa kwanza. Miaka yote ya utoto wangu neno hilo lilikuwa kwenye kila karatasi nyumbani, tulichora nyuma yake, tulifungia madaftari. Nikaliondoa, nikabonyeza. Sekunde nane.

Sasa naelewa, na kuelewa kwenyewe ni adhabu. Nililifanya neno liwe kama kivuli, liwe hafifu ili maandishi yapite juu yake. Printa haijui kivuli. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa inachukua ukurasa mzima, kila herufi na kila jedwali, inaugeuza kuwa picha moja kubwa ya nukta zisizohesabika, halafu inaibeba picha hiyo hadi kwenye printa kama mtu anayehamisha nyumba kwa sababu ameombwa barua iliyo ndani. Na kadiri tulivyotaka ubora wa juu, ndivyo nyumba ilivyokuwa nzito. Yule mtu wa jukwaani aliuliza mara mbili kama kuna picha. Nikamjibu mara mbili. Neno lile kwangu halikuwa kitu kilichomo kwenye ukurasa. Lilikuwa wajibu.

Nikaushika ukurasa mpya, mweupe, nikauweka kando ya ule wa zamani. Kisha nikafungua daftari hili, tarehe kumi na tisa Aprili.

Unaanzia chini kushoto, unapanda. Unapita mshazari.

Niliyaandika maneno hayo kwa mkono wangu kwenye daftari hili. Mama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Herufi yenye ukubwa wa kiganja hawezi kuiona kuwa ni herufi. Angeona nini? Angeona ngozi ya tembo. Kijivu kinakuja, kijivu kinaondoka, na kadiri jicho lilivyochoka kusubiri ndivyo kilivyozidi. Daktari hakuwa mwoga. Zima-Washa hakuwa mjinga. Katika wote waliopita hapa ni yeye peke yake aliyeinyanyua karatasi akaitazama, na akasema alichokiona.

Nilikaa sakafuni. Nilifikiri kutosema. Kitabu kimeshaondoka, nilifikiri, atapata faida gani kujua? Halafu nikakumbuka alivyosema anajua anachokiona. Nikaenda chumbani na zile karatasi mbili.

Nilimpa ule mweupe. Aliuleta karibu na jicho, akauelekeza dirishani, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, akaendelea. Akafika chini.

"Ukungu uko wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na jinsi nilivyojivunia kile kijivu. Nikampa ule wa pili, akaulinganisha. Akaupitisha polepole mbele ya jicho, kutoka chini kushoto kupanda juu kulia, akilifuata neno kwa kidole bila kulisoma.

"Tangu lini?"

"Tangu ukurasa wa kwanza, Mama."

Nilitaka anipige. Alichosema ni hiki: "Mimi ndiye niliyekuagiza." Kisha akaniomba simu.

Meneja alisema kitabu ameshampa msomaji mwingine, lakini masahihisho yoyote yatakayomfikia hadi tarehe kumi na tatu atayaingiza. Mama akamshukuru. Akaniambia nichape zilizobaki zote, mia moja na sabini na mbili. Na RASIMU niiandike kwa penseli, kwa mkono, nyuma ya kila karatasi, pembeni.

Zilitoka zote katika nusu saa. Nilikaa nikizitazama zikirundikana na sikupata furaha yoyote.

3 Mei

Kurasa thelathini na moja. Anasoma kama zamani, midomo inacheza kidogo. Amekuta dozi iliyokosewa mahali pawili. Ameniita "mama".

4 Mei

Ishirini na tisa.

5 Mei

Ishirini na tisa. Kaka amekuja, amelowa, na begi dogo. Sikumtegemea. Nilimweleza habari za neno, nikingoja aniambie alinionya. Aliuliza tu karatasi zilizosomwa zinawekwa wapi, akakaa anazipanga kwa namba siku nzima. Nilikuwa nimemkosea huyu mtu miaka mingi. Baridi yake ni woga uliovaa tai.

6 Mei

Ishirini na nne.

7 Mei

Kumi na sita. Amesema kesho ataanza saa moja, kabla jicho halijachoka.

8 Mei

Kumi. Tulikwenda kliniki baadaye. Daktari alipima, akaiweka karatasi ya leo juu ya ile ya Machi, akavua miwani yake. Safari hii hapakuwa na uchovu wala labda. Mama alimwambia kwamba alimfikiria mwoga, na sasa anaona ni mkweli, basi aendelee kuwa hivyo. Daktari akasema siku chache. Presha imepanda, dawa haishiki tena.

Mama akauliza kama anaruhusiwa kusoma. Akajibiwa kwamba kusoma hakudhuru kitu.

9 Mei

Tano.

10 Mei

Tatu. Anasoma herufi kwa herufi. Neno refu analiunganisha kama mtu anayeokota shanga.

11 Mei

Mmoja. Wa mia mbili na themanini na nane.

12 Mei

Zimebaki kurasa ishirini na nne. Zote ni dozi za watoto.

Saa moja asubuhi Mama aliushika ukurasa wa mia mbili na themanini na tisa. Aliusogeza, akauzungusha, akajaribu kuliinamisha jicho kila upande. Kaka alisimama nyuma yake na taa. Saa tatu akauweka chini, akaulainisha kwa kiganja.

Nikamwambia nitasoma mimi kwa sauti, yeye asikilize. Analijua kila jina la dawa na kila kipimo, atakamata kosa kwa sikio.

"Nukta haina sauti," akasema.

Nikasema nitaitamka. Nitasema nukta kila inapokuwepo.

"Na isipokuwepo? Mahali ilipopaswa kuwepo, utatamka nini?"

Akaniagiza nichukue kalamu, akanitamkia barua ya kwenda kwa Meneja: Nimesoma kurasa 1 hadi 288. Kurasa 289 hadi 312 sikuzisoma. Nikamsihi. Nilisema yule msomaji mwingine amezisoma, hakuna atakayeuliza, kitabu ni chake, amekifunga yeye.

"Sikukifunga," akasema. Hakukuwa na hasira ndani yake. "Usinipe kazi ambayo sikuifanya."

Akatia sahihi. Ilitoka nje ya mstari, ikashuka hadi kwenye tarehe.

Kurasa ishirini na nne. Nimefanya hesabu mara nyingi sana leo na jibu ni lilelile. Ni asubuhi moja. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, yoyote ile kati ya zile alizokaa mbele ya meza tupu akiisikiliza mashine.

13 Mei

Nimepeleka masahihisho. Meneja aliisoma barua, akaikunja, akasema Mama ana utaratibu wa watu wa zamani. Kitabu kitatoka.

15 Mei

Kaka ameondoka. Ameomba niiache kompyuta yangu popote, niende mjini kwake na Mama. Nimesema tutaona. Neno baya.

17 Mei

Mvua imekatika.

19 Mei

Jua kali tangu asubuhi. Nilikuwa nafagia chumbani kwa Mama, dirisha wazi, mwanga umejaa hadi kwenye mashuka. Yeye alikuwa amekaa kitandani, amevaa vizuri, mikono mapajani, uso ameuelekeza dirishani.

"Mama," akaniita, "mbona leo hujafungua pazia?"

Nikaweka ufagio chini. Nikaenda dirishani, nikalifunga pazia taratibu, bila kelele. Kisha nikalifungua kwa nguvu, pete zikalia kwenye fimbo yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hapo sasa," akasema.